Panda na Mtaalamu wa Viungo: Kazi Yake Iko Wapi?

Mtu anayevunjika paja shimoni, katika nchi ya shaba, ana watu watatu wa kumsaidia. Wa kwanza ni mchimbaji mwenzake anayemtoa chini na kumbeba. Wa pili ni yule anayeunga mfupa, awe daktari wa hospitali au mganga wa mifupa wa mtaani. Wa tatu ndiye anayemwezesha kukunja goti tena, kuchuchumaa chooni, kusukuma baiskeli ya makala (makaa), kurudi kazini. Huyo wa tatu ni mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye Wakongo humwita kine. Wagonjwa wengi hawamfikii, na wengi kati ya wanaomfikia huwa wamechelewa.

Nimechagua kulitazama suala hili kutoka Panda kwa sababu hapo linaonekana wazi kuliko katika mji mkuu wowote. Panda ni moja ya komuni nne za mji wa Likasi, mkoani Haut-Katanga, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na Likasi yenyewe, Kikula na Shituru, kiasi cha kilomita 120 kutoka Lubumbashi, kwenye barabara inayoendelea hadi Kolwezi. Ni mahali palipoanza kama makazi ya wafanyakazi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilijenga mitambo na kambi, na mji mzima ukaishi kwa saa za kiwanda. Hadi mwaka 1966 Likasi iliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mmoja wa wakubwa wa kampuni hiyo. Kiwanda cha kusafisha shaba kwa umeme kilifunguliwa Shituru mwaka 1929, na kuanzia miaka hiyo kampuni iliacha tabia ya kuleta vibarua wa muda na kuwarudisha kwao. Iliwataka wakae, waoe, wazae, watoto wao wakue kambini.

Sera hiyo ilisimamiwa na watu wa tiba. Daktari Léopold Mottoulle, aliyeiandikia kitabu mwaka 1946, aliiona afya ya mfanyakazi na ya familia yake kuwa sehemu ya uzalishaji wenyewe. Mwili wa mchimbaji ulikuwa mali iliyogharimu fedha kuipata, kwa hiyo ulipimwa, ulilishwa na ulitibiwa. Hospitali ya Panda, ambayo leo inabeba jina la Gécamines, kampuni ya serikali iliyochukua nafasi ya Union Minière, imerithi fikra hiyo. Baada ya kampuni kutaifishwa tarehe 1 Januari 1967, serikali haikuivunja desturi hiyo ya kutibu. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 bado inamtaka mwajiri amtibu mfanyakazi pamoja na mke au mume na watoto wake.

Katika mpango wa namna hiyo mahali pa kine panajulikana. Ana chumba hospitalini, ana kitanda cha mazoezi, na mgonjwa wake ana namba ya kazi. Msimamizi wa kiwanda anauliza lini fundi wake atarudi, na kine anajibu. Sidharau hata kidogo kazi hiyo, kwa kuwa wapo watu waliozeeka wakitembea kwa sababu hospitali ya kampuni haikuwaacha. Lakini mpango huo ulisimama juu ya nguzo moja, orodha ya mishahara, na nguzo hiyo ilianguka.

Ilianguka hatua kwa hatua. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, huko Kolwezi, uliporomoka. Zikafuata ghasia za uporaji za mwaka 1991, kisha kufukuzwa kwa watu wenye asili ya Kasai, ambao maelfu yao walirundikana kwenye stesheni ya Likasi wakisubiri treni. Kufikia mwaka 2003 shaba ya kampuni ilikuwa chini ya tani 20,000. Mwaka huo na uliofuata, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walilipwa mkupuo mmoja wakaondoka, baada ya kukaa miezi mingi bila mshahara. Wengi walikuwa wametumika robo karne au zaidi, na magoti, migongo na mapafu yao yalitoka pamoja nao nje ya lango.

Tangu hapo mtu wa Panda anapoumia, mara nyingi anaumia mahali pasipo na mwajiri. Anachimba kwa mkono pamoja na ma-creuseur wenzake, anaosha madini mtoni, anasukuma gunia la makala kwa baiskeli kutoka porini, anaendesha pikipiki ya teksi, anapakia malori. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba wachimbaji wa mikono katika Haut-Katanga na Lualaba ni kati ya 150,000 na 200,000. Utafiti uliofanywa kwa wachimbaji 180 wa mikono wa Katanga, na kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba zaidi ya saba kati ya kila kumi walipata ajali ndani ya miezi 12. Wengi wao walitibiwa na wenzao palepale kazini, na karibu mmoja kati ya watano wa walioumia alibaki na athari ya kudumu mwilini. Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo inayopaswa kutukosesha usingizi. Vifo vya mashimoni hutangazwa, kama vile vya Juni 2019 katika mgodi wa KOV, Kolwezi, ambako watu 43 walikufa chini ya kifusi. Aliyebaki na goti lisilokunjika hatangazwi na yeyote, naye ana miaka 30 au 40 ya kuishi nalo.

Tulitazame goti hilo kwa karibu, maana kazi ya fiziotherapia inaonekana hapo kuliko mahali pengine. Paja lililovunjika, katika hospitali nyingi zisizo na vifaa vya kufunga vyuma, hutibiwa kwa kuvuta mguu kwa uzito, mgonjwa akilala chali wiki sita au zaidi. Mfupa unaunga. Lakini katika wiki hizo misuli ya mbele ya paja inanywea, kano zinafupika, utando wa goti unashikana, na ngozi ya makalio inaanza kuoza kwa kulaliwa. Kine anatakiwa kuanza kazi siku ya kwanza, wakati mguu bado unaning'inia kwenye kamba: kukanyaga hewani kwa kifundo ili damu isigande, kukaza paja bila kusogeza mfupa, kupumua kwa kina, kujiinua kwa mikono kila saa. Hayo yote hayahitaji hata taa. Akiletwa mwezi wa tatu, baada ya uzito kutolewa, anakuta goti gumu kama mti, na miezi sita ya mateso haitarudisha kile ambacho dakika 20 kwa siku zingelinda. Kisha kuna suala la mikongojo: urefu wake, mahali pa kushika, siku ya kuanza kukanyaga na uzito kiasi gani. Mchimbaji akikanyaga mapema kwa sababu nyumbani hakuna unga, mfupa unajikunja. Akiogopa kukanyaga kabisa, unachelewa kukomaa. Mtu wa kumwongoza kati ya hatari hizo mbili ni huyo huyo wa tatu.

Watu wengi, hata waliosoma, wanadhani kine ni mkandaji. Wengine wanadhani ni mashine: taa ya joto, waya za umeme, kitu kinachotetema. Dhana hii inaumiza kwa pande mbili. Mgonjwa hudai akandwe, akandwe tena, na akiambiwa asimame ainuke kwenye kiti mara kumi huona ametapeliwa. Na viongozi wa hospitali, wakikosa mashine, husema huduma haipo. Umeme wa Likasi nao unakatika, ingawa bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira linazalisha tangu mwaka 1930 na halipo mbali. Umeme huo ulijengewa viwanda. Lakini asilimia kubwa ya fiziotherapia ni macho, mikono na maneno. Ni kujua msuli gani umelala, kiungo gani kimefungwa, woga upi umemshika mgonjwa, na kumpa zoezi analoweza kulifanya kesho bila mtu wa kumtazama. Reli mbili za mabomba ya chuma, kioo, ngazi ya hatua tatu na mkeka vinatosha kuanzia.

Barabara nayo imekuwa mgodi wa pili. Malori ya shaba, ya kobalti na ya tindikali hupita kutwa kati ya Kolwezi na Lubumbashi, yakigombea njia na pikipiki, baiskeli na watembea kwa miguu. Februari 2019, katika kijiji cha Kabwe, mkoani Lualaba, lori la tindikali lilipinduka juu ya magari mengine na watu 21 wakafa. Reli nayo si salama: Machi 2022 treni ya mizigo iliyobeba abiria waliodandia iliacha reli huko Buyofwe, ikaua watu 75 na kujeruhi zaidi ya 100. Aliyeungua kwa tindikali ana vita ya aina yake. Mkono ulioungua hutaka kukunjwa, maana ukikunjwa hauumi sana. Shingo hutaka kuinama. Mkao unaompumzisha mgonjwa ndio huo huo utakaomlemaza, kwa sababu kovu linakaza mahali linapoachwa na huendelea kukaza kwa mwaka mmoja au miwili baada ya ngozi kufunga. Kine anamnyoosha, anamfunga kibao cha plasta usiku, anamrudia asubuhi, na mgonjwa analia. Hakuna kazi ya hospitali inayohitaji upole na ukaidi kwa pamoja kama hii. Nayo haimaliziki siku ya kutoka wodini. Inaanza upya nyumbani, kwa mke au mama atakayepaka mafuta na kuvuta kiwiko kila jioni.

Nikigeukia watoto, hapo moyo wangu unazidi kuwa mzito, kwa sababu fursa nyingi hupotea bila sababu ya kutosha. Mtoto anayezaliwa na nyayo zilizopinda ndani, jambo linalowapata kiasi cha mmoja kati ya watoto 1,000, anaweza kutembea sawa na wenzake. Njia ya Ignacio Ponseti, daktari Mhispania aliyefanya kazi Marekani, hainyooshi mguu kwa kisu kikubwa. Kila wiki mguu unakandwa taratibu na kufungwa plasta, mara tano hadi nane, kisha mara nyingi kano ya kisigino inakatwa kwa tundu dogo, na baadaye mtoto anavaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma: miezi mitatu usiku na mchana, halafu usiku tu hadi karibu umri wa miaka minne. Uganda iliipokea njia hii mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuwafundisha wataalamu wasio madaktari wa upasuaji waifanye katika hospitali za wilaya. Walionyesha kwamba plasta nzuri inayofungwa karibu na nyumbani inashinda upasuaji mzuri ulio mbali. Kinachoshinda wazazi ni hivyo viatu vya usiku, mtoto analia, jirani anasema mnamtesa. Bila mtu wa kupita kuwatia moyo, viatu vinawekwa chini ya kitanda na miguu inarudi ilivyokuwa.

Kuna mtoto mwingine ambaye kine yeyote wa Afrika anamjua: alikuwa anatembea, akapata malaria, akachomwa kwinini kwenye tako, akaamka na mguu unaoburura kidole. Sindano iligusa neva kubwa ya paja. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani linapendekeza artesuneti ya sindano kwa watoto wenye malaria kali badala ya kwinini, na mabadiliko hayo yameokoa maisha na miguu pia. Lakini sindano za kwinini, na za dawa nyingine, bado zinachomwa katika vibanda vya mtaani na mikono isiyofundishwa mahali pa kuchoma. Mtoto huyo akipatiwa mapema kibao cha kushika mguu usining'inie, na neva ikipewa muda, ana nafasi nzuri. Akikaa miezi bila hicho, kisigino kinapanda na hakishuki.

Polio haijasahaulika pia. Virusi vya asili vilionekana kwa mara ya mwisho Kongo mwaka 2011, lakini mwaka 2017 virusi vilivyotokana na chanjo vilizuka Haut-Lomami, jirani ya kaskazini, na katika Maniema. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la The Lancet Planetary Health, uliofanywa Lubumbashi, ulihusisha kazi za migodi za baba na hatari kubwa zaidi ya mtoto kuzaliwa na kasoro za maumbile. Katika mji unaopumua vumbi la madini kama Likasi, huo si utafiti wa kuweka kabatini.

Wenye mtindio wa ubongo wanahitaji kine kwa muda mrefu kuliko wote. Mara nyingi ni mtoto aliyechelewa kulia wakati wa kuzaliwa, au aliyepata manjano kali ya siku za kwanza, au malaria ya ubongo. Haponi kwa maana ya kupona, na kine mwaminifu humwambia mama hivyo mapema. Lakini anaweza kukaa, kula bila kupaliwa, kuwasiliana, pengine kutembea. Na baadhi ya tiba yake tayari iko mgongoni mwa mama: kumfunga kwa kitenge miguu ikiwa imepanuka pande mbili kunafungua nyonga zilizokaza. Kiti chake kinaweza kutengenezwa kwa makaratasi na maboksi yaliyogandishwa kwa uji wa unga, mbinu iliyoenea kutoka Zimbabwe, kikadumu miaka. Kine anayeijua Panda hatamwandikia mama huyo kiti cha kuagizwa Ulaya.

Sijawataja wazee wa kiharusi, nao ni wengi. Mzee aliyeondoka Gécamines mwaka 2004 leo ana miaka 70 na zaidi, presha imekaa mwilini bila kupimwa, na asubuhi moja upande wa kulia unakataa. Familia inatumia wiki za kwanza, zile zenye thamani kuliko zote, kutafuta nani amemroga. Kine akifika mapema analinda bega lisichomoke, anamfundisha kugeuka kitandani, kukaa, kusimama, kisha kurudia, kurudia, kurudia, kwa sababu ubongo hujifunza upya kwa kurudia. Lengo zuri la tiba ni lile linalotoka katika maisha ya mtu: kumega bukari (ugali) kwa mkono wake, kuinama kwenye mbabula (jiko la makaa) bila kuangukia moto, kufika kanisani. Na wanawake waliojifungua kwa taabu, wanaovuja mkojo na kunyamaza, nao ni wagonjwa wa kine. Mazoezi ya misuli ya nyonga ni sehemu ya matunzo yao, kabla ya upasuaji na baada yake, ila ni wachache waliowahi kuambiwa kwamba kuna mtu wa kuwasaidia.

Kuhusu michezo nitasema kidogo, kwani hapo kine hahitaji kutetewa. Mashabiki wa timu ya soka ya Mazembe wamemwona akikimbia uwanjani na mkoba. Ndiye kine pekee ambaye watu wengi wa Katanga wamewahi kumwona kazini.

Sasa, yuko wapi kwa kweli? Mfumo wa afya wa Kongo umegawanywa katika kanda za afya zaidi ya 500, na Panda ni moja ya hizo. Kila kanda ina hospitali kuu ya rufaa, na chini yake vituo vya afya vyenye maeneo yao na wahudumu wa kujitolea wa mtaa. Ni mpango mzuri, uliofikiriwa vizuri tangu zamani. Lakini hospitali ya kanda imejengwa juu ya idara nne: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi. Kine hana idara. Anakaa kati ya hizo nne, akisubiri daktari amkumbuke na kumwandikia mgonjwa. Daktari asipomkumbuka, mgonjwa anaondoka na plasta yake na barua ya kurudi baada ya wiki sita. Katika vituo vya afya, kule ambako mtu wa Panda anaanzia ugonjwa wake, kine hayupo kabisa. Yupo muuguzi mwenye foleni ndefu.

Hilo si la Kongo peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 2.4 duniani wana hali ambayo huduma ya urekebishaji viungo ingeisaidia, maumivu ya chini ya mgongo peke yake yakiwa na watu zaidi ya milioni 500, na kwamba katika nchi nyingi za kipato kidogo wataalamu hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuingiza huduma hii katika kila ngazi ya mfumo wa afya, kuanzia ile ya mwanzo. Kenya ilitunga sheria ya wataalamu wa fiziotherapia mwaka 2014 na kuunda baraza la kuwasajili. Rwanda, ikitoka katika mauaji ya kimbari, ilianzisha Taasisi ya Afya ya Kigali mwaka 1996 na fiziotherapia ikafundishwa humo. Mashariki mwa Kongo, huko Goma na Bukavu, vituo kama Shirika la Umoja na Heri Kwetu vimesaidiwa na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa kwa sababu ya majeruhi wa vita. Miguu ya bandia inatengenezwa, kine wanafunzwa, mgonjwa anarudi kwa marekebisho. Nafurahi kwamba kazi hiyo ipo. Lakini inaonyesha kanuni isiyo ya haki: mguu uliokatwa na risasi una mfadhili, mguu uliokatwa na jiwe la kobalti hauna.

Wataalamu wenyewe wanafundishwa. Kinshasa ina Taasisi ya Juu ya Ufundi wa Tiba, ISTM, na Chuo Kikuu chenye idara yake ya tiba ya viungo. Lakini kati ya Kinshasa na Lubumbashi kuna zaidi ya kilomita 1,500 za angani, na kijana aliyehitimu akipata kazi katika mji mkuu hana sababu ya kuhamia kanda ambako hospitali inaishi kwa ada za wagonjwa na mshahara wa serikali unaweza kumpita miaka. Anayebaki hufungua chumba chake mjini. Chumba hicho kinahudumia wenye pesa: mfanyabiashara mwenye mgongo, mfanyakazi wa kampuni inayomlipia. Simlaumu.

Ada yenyewe ndiyo inayoua tiba. Kine anaandika vipindi 20, mgonjwa anahesabu ada mara 20, nauli ya pikipiki mara 20, mara mbili tena kwa sababu hawezi kwenda peke yake, na siku 20 ambazo mwanawe hatafanya kazi. Anakuja mara nne. Kwa maoni yangu, kine wa Panda angeacha kuhesabu vipindi vya kitandani na kuanza kuhesabu mikutano michache yenye mafunzo: mitano au sita ndani ya miezi mitatu, na angalau mmoja ufanyike katika lupango (kiwanja cha nyumba) la mgonjwa. Huko ataona kile ambacho chumba cha hospitali kinamficha: kizingiti kirefu cha mlango, godoro lililo chini kabisa, choo cha shimo kilicho mbali na kisicho na kitu cha kushika, na nani hasa yupo nyumbani saa sita mchana. Fimbo mbili zikikitwa pembeni mwa choo zinaweza kumrudishia mzee heshima yake kuliko mwezi wa taa ya joto. Mjukuu wa miaka 12 akifundishwa vizuri kumgeuza babu yake hatasahau.

Wazo la kupeleka urekebishaji nyumbani si geni. Baada ya mkutano wa Alma-Ata mwaka 1978, Shirika la Afya Duniani liliandaa mafunzo ya kurekebisha viungo kijijini, na David Werner akatoa mwaka 1987 kitabu kikubwa kuhusu watoto walemavu wa vijijini kilichotumika sehemu nyingi. Kilichokwama ni kwamba mara nyingi wahudumu wa kijiji waliachwa peke yao bila mtaalamu nyuma yao. Panda inaweza kufanya vizuri zaidi kwa kuwa hospitali na mitaa vipo karibu: kine wa hospitali kuu apite vituo vya afya kwa zamu, awafundishe wauguzi mambo machache yasiyosubiri, kama kuzuia vidonda vya kulalia, kutambua nyayo zilizopinda siku ya kuzaliwa, kumlaza vizuri mwenye kiharusi, na kutochoma sindano mahali pa neva.

Awafundishe pia waunga mifupa. Najua baadhi ya madaktari hawataki kusikia hili, na wana sababu: vibao vilivyokazwa mno vimekata damu na kuozesha mikono ya watoto. Lakini mwunga mifupa ana mambo ambayo hospitali imeyapoteza. Anakwenda nyumbani. Analipwa kidogo kidogo. Anamshika mgonjwa na kuzungumza naye. Watu watamfuata iwe tunapenda au hatupendi. Ni afadhali ajue kutazama kucha zinapobadilika rangi, alegeze kamba, na apeleke hospitalini mfupa uliotoka nje ya ngozi.

Inabaki fedha, na hapa sikubali jibu kwamba hazipo. Sheria za kuwalinda walioumia zipo: ile ya Mei 2022 inahusu haki za watu wenye ulemavu, na Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii unashughulikia ajali za kazini za wenye ajira rasmi. Huduma ya afya kwa wote imeanza mwaka 2023 kwa uzazi na mtoto mchanga, jambo jema, ingawa mtoto aliyechelewa kulia atamhitaji kine miaka kumi baada ya huduma hiyo ya bure kwisha. Kati ya hizo hakuna inayomlipia creuseur matibabu ya jeraha lake. Lakini Sheria ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa serikali ya mtaa yenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hapo kila kampuni inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii, na kutia saini na wakazi mkataba unaoorodhesha miradi. Ushirika wa wachimbaji, ambao sheria hiyo hiyo inawalazimu kujiunga nao, unaweza nao kukata kiasi kidogo kwa kila gunia na kuwawekea wanachama wake akiba ya matibabu.

Wakazi wanapokaa kuandika orodha hiyo huomba shule, kisima, kituo cha afya, daraja. Ni haki yao. Wanaoumia hawapo kwenye kikao, kwa kuwa hawawezi kufika. Wajumbe wa komuni, pamoja na daktari mkuu wa kanda, wanaweza kuongeza hapo ombi la kine wawili wanaolipwa kila mwezi, pikipiki moja ya kuwafikisha malupango, mbao na mabomba ya chumba cha mazoezi, na plasta ya kutosha mwaka mzima.